Jirani Aliyeleta Reggaeton Nakuru

Kwa miaka mingi mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta wa mabati tu, na tuliitana jirani. Alikuwa na jina la jukwaani ambalo vijana wa Nakuru walilichora kwenye kuta, na jina la ubatizo ambalo mama yake alimwita nalo kanisani, lakini mimi sikuwahi kutumia hata moja. Hata leo nikimpigia simu nasema, "Sasa jirani," naye anajibu, "Poa jirani, umepika nini?"

Nilimjua kwa masikio kabla ya kumwona. Nilikuwa nimehamia ploti moja ya nyumba za kupanga, nyuma ya kota za zamani za reli, na asubuhi yangu ya kwanza nikasikia upande wa pili mtu akipiga beseni huku akiimba kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili, wala Kiluhya, wala Kikuyu, wala Kiingereza. Nilidhani ni dini mpya. Nilipotoka kuanika nguo nikamkuta mwanamke mrefu, kilemba kichwani, akifua blanketi kwa kulikanyaga, na miguu yake ikifuata mdundo uleule niliousikia: dum, ta-dum, ta. Nikamuuliza anaimba nini. Akasema maneno hata yeye hayajui.

"Maneno ni ya wenyewe," akaniambia. "Lakini hii ngoma ni yetu. Wamezunguka nayo tu."

Wakati huo alikuwa ameandikwa kazi katika shamba la maua, njia ya kwenda Njoro. Kutwa alisimama kwenye jumba la kupakia, akipanga mawaridi kwa urefu wa shina kabla hayajasafirishwa Ulaya. Shamba lilikuwa na mtaalamu wa maua kutoka Ekuador, mtu mpole aliyekosa wa kuongea naye lugha yake, na kwa upweke huo akawa anatembea na spika ndogo mfukoni. Kwenye spika hiyo ndipo jirani yangu alipokutana na reggaeton, muziki wa densi wa watu wa Panama na Puerto Rico, ambao sisi wengine tulikuwa tukiusikia kwa mbali bila kuujua jina. Wenzake kazini walilalamika kwamba ni kelele. Yeye alisema alisikia mle ndani kinamama wa kwao, magharibi, wakipiga ngoma ya harusi, na mpaka kesho huwezi kumtoa hapo.

Kulikuwa na wimbo mmoja alioupenda hasa, akaukariri wote. Siku moja akamwomba yule mtaalamu amfasirie. Mtu wa watu alianza vizuri, akafika ubeti wa pili, uso ukamwiva, akasema labda siku nyingine. Jirani alinisimulia hayo akicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwamba mdundo atabaki nao, ila maneno atatunga yake, maneno ambayo anaweza kuyaimba mama yake akiwa amekaa palepale.

Wimbo wake wa kwanza ulitoka miguu ikiwa imevimba. Alikuwa amerudi kutoka kazini, nikamchotea maji ya moto yenye chumvi, akatumbukiza miguu na kufumba macho. Halafu akaimba polepole, kama mtu anayeonja mchuzi:

*Waridi linapanda ndege,*
*mimi hata Gilgil sijafika.*
*Nisogezee kiti, bosi,*
*nimesimama kama shina.*

Mimi ni mtu wa kukaanga chipsi. Nilikuwa na kibanda karibu na steji ya matatu na sikujua lolote la muziki. Lakini nilijua nimesikia kitu. Nikamwambia akiuimba huo mbele ya watu, ama atapendwa ama atafutwa kazi. Alisema anaogopa yote mawili.

Na kweli alikuwa mwoga, jambo ambalo waliomjua kwa jukwaa tu hawangeliamini. Aliogopa ng'ombe. Alikuwa radhi kuzunguka mtaa mzima akiona ndama amefungwa kando ya njia. Aliogopa lifti, na aliogopa kuongea na watu wa benki. Tena hakupenda kelele: kijana wa nyumba ya mwisho akifungulia redio kwa nguvu, wa kwanza kwenda kugonga mlango alikuwa yeye, akiomba kwa heshima ipunguzwe kwa sababu watu wamechoka. Harusini hachezi. Ungemvuta mkono ukachoka, naye amekaa na sahani yake ya pilau anaangalia miguu ya wengine, na mkirudi nyumbani anakuambia ni nani alikuwa nje ya mdundo. Alichelewa kila mahali isipokuwa mazoezini na kanisani.

Tulimsindikiza studio mimi na rafiki yake mmoja wa kazini. Ilikuwa chumba nyuma ya duka la vyuma, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili sauti isitoke. Prodyuza, yaani kijana mwenye mashine, alisikiliza mistari michache, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema wimbo ni moto. Kisha akaeleza mpango wake. Jirani ataimba kiitikio, halafu ataitwa mwanamume mmoja wa mjini aimbe beti.

"Madam, hii ni ngoma ya wanaume," alimwambia, bila ubaya. "Wewe tupambie kiitikio."

Jirani alimuuliza kama ile mashine inaweza kujua anayeimba ni mwanamume ama mwanamke. Prodyuza akacheka, akasema hapana, mashine inachukua sauti tu.

"Basi iwashe," akasema, "kabla haijaambiwa."

Akaimba kiitikio na beti zote, mwanzo hadi mwisho, macho kwenye godoro la mbele yake. Katika ubeti wa pili pumzi zilimwishia kidogo, lakini alikataa kurudia. Alisema mtu aliyesimama kutwa huishiwa pumzi. Prodyuza aliuacha hivyohivyo, na nadhani kufikia hapo yeye mwenyewe alikuwa amesahau habari za yule mwanamume wa mjini.

Wimbo ulitembea kwa simu. Ulianza kwa wanawake wa jumba la kupakia, ukaingia kwenye basi la kampuni, ukafika kwa waosha magari, halafu siku moja mtangazaji wa redio hapa mjini akaupiga katikati ya mchana na kuuliza huyu ni nani. Nilikuwa nimeshika kijiko cha kutolea chipsi. Niliwaambia wateja kwamba ni jirani yangu, hakuna aliyeniamini.

Kazini msimamizi alimwita, akamtaka achague: wimbo au kazi. Alirudi mapema siku hiyo, akakaa kibandani kwangu akimenya viazi alasiri nzima. Tulipomaliza akanawa mikono, akasema kesho hatapanda basi. Asubuhi iliyofuata wenzake waliposikia, walifika kazini, wakavaa aproni, halafu wote wakaketi juu ya katoni za maua. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, na mawaridi yakawangoja mezani. Baada ya hapo viti virefu vililetwa, na najua viko mpaka leo kwa sababu rafiki yake bado ameandikwa pale. Jirani mwenyewe kazi hakurudishiwa. Watu wengi humpa sifa za vile viti, naye hukataa kila mara. Husema yeye aliomba kiti kwa wimbo, wao ndio waliokaa.

Huko kanisani mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu kiongozi wa kwaya alikuwa mama yake mzazi. Jirani alikuwa ameimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo tangu ujana wake. Wazee wa kanisa waliita kikao, wakasema mtu hawezi kuimba baa Jumamosi na kuimba madhabahuni Jumapili, na wakamwomba apumzike. Mama yake alikuwa ameketi palepale na hakufungua mdomo. Kimya hicho ndicho kilichomuumiza jirani kuliko maneno ya wazee. Hata hivyo hakuhama kanisa. Aliendelea kwenda kila Jumapili, akaketi kati ya waumini, na kwa sababu hakujua kuimba kwa kujizuia, waumini, nami nikiwemo, walizoea kumfuata yeye badala ya kwaya. Waimbaji wa mbele walikuwa wakitangulia, sisi wa viti tunawaburuta nyuma, na mama yake anapunga mikono katikati akijaribu kutuunganisha.

Ilipita miezi kabla mama huyo hajaja kwenye ploti. Alikuja Jumanne moja mchana na sufuria ya mboga za mrenda, akasalimia, akakataa chai. Kisha akamwomba bintiye amsikizishe huo wimbo wenyewe, maana yeye alikuwa ameusikia kwa vipande tu, kwa watu wanaopita. Jirani alimpa simu. Mimi nilitaka kuondoka, lakini mama akaniashiria nikae. Alisikiliza wote, simu ameiweka sikioni kama mtu anayepokea habari kutoka mbali. Ulipokwisha akairudisha simu.

"Hapo kwa ubeti wa pili umekosa pumzi," akasema.

Jirani akaanza kujieleza habari za mtu aliyesimama kutwa. Mama hakutaka kusikia.

"Mimi nilikufundisha kupumua. Kama utaimba hii kitu, iimbe vizuri. Simama."

Akamsimamisha palepale kati ya kitanda na meza, akamwekea kiganja tumboni, akamwambia avute pumzi ifike chini. Walifanya mazoezi ya reggaeton mpaka mboga zikapoa, mama akihesabu mdundo kwa vidole kama anavyohesabia nyimbo za Pasaka. Kurudishwa kwenye kwaya kulichukua muda mrefu zaidi, na kulipotokea hakuna aliyetangaza. Jumapili moja mama aligeuka, akamtazama kule kwenye viti, akasogeza waimbaji wawili ili pawe na nafasi.

Tangu siku ile ya mboga, jirani alitibu kila jambo kwa neno moja: pumua. Gesi ikiisha chakula kikiwa nusu, pumua. Watu wakigombania kamba ya nguo, atatoka mlangoni aseme pumueni kwanza. Wakati mwingine ilichosha. Nilipofiwa na kaka yangu alikuja, akaketi karibu nami siku nzima, na hilo neno hakulisema hata mara moja. Alipumua tu yeye mwenyewe, polepole, mpaka nikajikuta nafanya vivyo hivyo.

Kwa miaka ile yote alikuwa mwanamke peke yake katika muziki huo upande wetu. Mabango ya shoo yaliandika majina ya wanaume kwa herufi kubwa, halafu chini kabisa: na warembo wengine. Warembo wengine alikuwa yeye. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja na kilijaa wanaume, kwa hiyo alibadilisha ndani ya gari, mimi nimeshika leso dirishani. Ndiyo, nilikuwa namsindikiza siku nisizouza chipsi. Nilibeba viatu vyake na maji ya tangawizi, na niliambiwa nikae mahali anapoweza kuniona.

Shoo ya Rongai, hii yetu ya Nakuru, sitaisahau. Ilikuwa baada ya mavuno ya mahindi, uwanja umejaa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, mchana wa jua kali. Wanaume walikuwa wameshaimba, nao watu wamechangamka kupita kiasi. Jirani alipopanda, kundi la mbele halikutaka wimbo. Walitaka acheze. Walianza kuimba kiuno, kiuno, na mmoja akatupa chupa ya plastiki ikamgonga begani. Nilimwona akiinama, nikajua sasa analia ama anashuka. Alikuwa anaokota ile chupa. Aliiweka vizuri kando ya spika, akamwonyesha mpigaji asimamishe muziki, akangoja mpaka uwanja ukatulia.

"Kiuno nimekiacha nyumbani," akasema kwenye maiki. "Leo nimekuja na mdomo."

Wanawake waliokuwa nyuma, wauza mandazi na wake za wakulima, ndio waliocheka kwanza. Kicheko chao kikaja mbele kama upepo juu ya mahindi, mpaka wale wanaume nao wakacheka. Aliimba nyimbo zake zote, na wanawake wa nyuma wakasogea mpaka wakawa wa mbele. Tukiwa njiani kurudi alitapika kwa hofu. Niliposema alikuwa shujaa alinikatiza, akasema amekosea kuingia kwenye wimbo wa tatu na kesho tutaurudia.

Mazoezini hakuwa mtu wa kuchezewa. Wasichana wachache walikuja kujifunza kwake, wengi wakaondoka wakilia. Hakusifu mtu. Ukifanya vizuri alisema "endelea", na hiyo ndiyo ilikuwa tuzo. Nilimwambia mara nyingi kwamba anawavunja moyo, na kwamba akiendelea hivyo atazeeka akiwa yeye peke yake tu. Alijibu kwamba huko nje watatupiwa zaidi ya maneno. Hilo hatukuwahi kukubaliana, na bado naamini mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Kisha sauti ikaanza kumtoka. Kwanza ilikwaruza asubuhi tu, baadaye ikawa inakatika katikati ya wimbo kama redio yenye betri mbovu. Daktari aliona vinundu kooni, akasema vitaondolewa, na baada ya hapo lazima akae kimya kabisa kwa majuma kadhaa. Kimya kabisa, hata kunong'ona asinong'one. Nikawa namletea uji, tunaongea kwa mikono. Aligonga ukuta wa mabati akitaka kitu, na kwa jinsi anavyogonga nilijua ni maji, ni njaa, ama ni upweke. Mama yake alikuja kila siku baada ya kazi zake, akaketi kitandani akifuma, akiwa naye kimya kama mgonjwa.

Siku ya kujaribu kuongea tulikuwa sote watatu. Mama alimwambia apumue. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kinene, cha chini, chenye mchanga ndani yake.

"Huyu ni nani?" akauliza, kwa sauti hiyohiyo, akatutazama kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani.

Sauti ya juu haikurudi. Alikaa nyumbani muda mrefu akikataa kuimba. Nilikuwa nasikia kimya upande wa pili, na siku zingine nilikaanga vitunguu vyenye harufu kali kwa makusudi ili atoke aniulize nimepika nini. Baadaye akahama. Alipata chumba Molo kwa rafiki yake, akasema baridi ya huko inamfaa kooni, na akaanza kusaidia kikundi cha wanawake wakulima waliokuwa na ukumbi mdogo karibu na soko. Tulizungumza kwa simu. Kuhusu muziki hakusema neno, nami sikuuliza.

Mwaka huu viazi vilipotea Nakuru, nikaamua kwenda Molo mwenyewe kununua. Tulipanda asubuhi na dereva wa lori, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Kwenye redio wakawa wanamsifu msichana mmoja wa Eldoret, wakamwita mwanamke wa kwanza wa reggaeton Bonde la Ufa. Niligombana na ile redio mpaka dereva akaizima.

Nilipofika sokoni nikaacha viazi vikipakiwa, nikaenda kumtafuta jirani pale ukumbini. Kulikuwa na shoo ya mchana, watu wamejaa mpaka madirishani, wakulima na mabuti yao ya tope. Nikamkuta nyuma, kwenye baraza, amevaa sweta nene, kikombe cha uji mkononi. Tulikumbatiana. Ndani kulikuwa na mtu anaimba, sauti ya msichana, safi, iko juu kabisa, na mdundo ninaoujua. Sikungoja hata kuulizwa habari za nyumbani. Nikamwambia yote niliyosikia redioni.

"Ndiye huyo anaimba," akasema. "Alinipigia simu mwezi uliopita. Alikuwa anataka kujua mtu anapumua saa ngapi kwa ubeti wa pili. Nikamwambia apande basi aje."

Nikamuuliza kama amemliza. Akasema kidogo. Nikamuuliza tena kama kweli hakasiriki, mtu kuitwa wa kwanza na yeye yuko hai, amekaa hapa anakunywa uji.

Alipuliza uji wake kwanza.

"Jirani, ile miaka yote nilikuwa peke yangu tu. Ukiwa peke yako hauwezi kuitwa wa kwanza. Ni huyu amekuja, ndiyo sasa nimekuwa wa kwanza."

Msichana akamwita kutoka ndani. Jirani alinipa kikombe, akavua sweta, akaingia. Nilisimama mlangoni. Wimbo sikuwa nimeusikia kabla. Alianza yeye, chini, kwa ile sauti nene ambayo hapo mwanzo ilimtisha, na ukumbi wote ukatulia kuisikiliza. Walipofika kiitikio yule msichana akaingia juu yake. Wakaenda hivyo, mmoja chini, mmoja juu, na wanawake wa viazi wakainuka kwenye benchi mmoja mmoja. Jirani alimgeukia msichana, nikaona midomo yake ikimwambia endelea.

Kutoka sokoni dereva alipiga honi, viazi vilikuwa vimepakiwa. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri.